Je, wajua kwa nini hodhi la chumbani mwako laweza kukosa maji ya chemchemi?

Picha ya tangazo la nyumba ya wageni yenye maji moto huko Japani huwa ile ile: hodhi la mbao kwenye baraza, mvuke unapaa, ziwa limetulia, na Mlima Fuji umesimama ng'ambo. Chini yake kuna bei, tuseme yeni 60,000. Anayelipa huamini kwamba maji yale yanabubujika kutoka ardhini. Yawezekana ni maji ya bomba yaliyopashwa moto, na mwenye nyumba hajamdanganya mtu.

Tuanze na majina. Onsen ni chemchemi ya maji moto. Ryokan ni nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, yenye sakafu ya mikeka ya tatami, magodoro yanayotandikwa jioni na mlo mrefu wa usiku. Ryokan ikiwa na chemchemi, sifa ya onsen huvikwa nyumba nzima, ilhali maji yenyewe hugawiwa hodhi kwa hodhi. Hodhi kuu la pamoja laweza kupata maji ya chemchemi, hodhi la chumbani likapata ya bomba. Anayechagua vizuri basi huuliza habari za hodhi, moja baada ya jingine: lina maji gani, na ukishakaa ndani yake unaona nini.

Sheria ya onsen ya Japani ni ya mwaka 1948, na ni pana kuliko watu wanavyodhani. Maji yakitoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi, hiyo ni onsen. Yakiwa baridi zaidi ya hapo lakini yana kiasi kinachotakiwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa, nayo pia ni onsen. Kwa hiyo kuna chemchemi halali ambazo maji yake lazima yapashwe moto kabla mtu hajaoga.

Na moto wenyewe hautoki pahali pamoja. Ziwa Toya, kisiwani Hokkaido, ni shimo la volkano lililojaa maji. Volkano ya Usu, iliyo ukingo wake wa kusini, ililipuka mwaka 1910. Baadaye maji moto yakagunduliwa ufukweni, na kufikia 1917 watu walikuwa wanaoga. Hali hiyo haiko mbali na Ziwa Bogoria kule Kenya, ambako maji hutoka kando ya ziwa yakichemka. Ziwa Kawaguchi, chini ya Mlima Fuji, lina hadithi nyingine. Lava ndiyo iliyoziba bonde ziwa likapatikana, na maji moto ya pale hufuatwa chini kwa visima virefu. Ardhi huongezeka joto kwa wastani wa nyuzi 3 kwa kila mita 100, hivyo kisima cha zaidi ya mita 1,000 hutosha kuleta maji ya uvuguvugu au ya moto. Hayo si maji duni. Ila kisima kina kipimo chake cha lita kwa dakika, na hapo ndipo shida ya vyumba inapoanzia.

Piga hesabu. Chukua hodhi la barazani la lita 400. Ukitaka maji yake yote yabadilike kila saa, unahitaji karibu lita 7 kwa dakika. Nyumba ikiwa na vyumba 20 vya namna hiyo, ni lita 130 na ushee kila dakika, usiku na mchana, na hujagusa mahodhi makuu ya wanaume na ya wanawake. Wakati wa baridi mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu hodhi dogo la nje hupoa upesi na hutaka maji moto mfululizo. Chemchemi isipotosha, mwenye nyumba huyapeleka maji ya asili kwenye mahodhi makuu na kuvipa vyumba maji ya bomba. Maneno ya Kijapani hutenganisha mambo haya. Chumba chenye rotenburo ni chumba chenye hodhi la nje tu. Maji ya chemchemi yakiwemo, tangazo litasema rotenburo ya onsen. Neno onsen lisipotajwa kwenye maelezo ya chumba, chukulia kwamba hayamo hadi uhakikishiwe.

Kuna karatasi itakayokueleza mengine yote. Kila onsen hutakiwa kubandika matokeo ya uchunguzi wa maji, kwa kawaida ukutani penye chumba cha kuvulia nguo, na uchunguzi huo hurudiwa kila baada ya miaka 10 au kabla. Tangu 2005 nyumba zinalazimika pia kutangaza kama maji yameongezwa ya kawaida, yamepashwa moto, yanazungushwa kupitia chujio, au yametiwa dawa. Usikosee kwenye joto: nyuzi zilizoandikwa hapo ni za chanzo, wala si za hodhi, ambalo huwa kwenye 41 au 42.

Maneno wanayoyatafuta wapenzi wa onsen ni gensen kakenagashi. Maana yake, maji mapya huingia kutoka chanzoni, yaliyotumika hufurika ukingoni yakaenda zake, hayarudi. Ukifika hodhini utayatambua kwa macho. Tazama mdomo wa bomba: mara nyingi una ukoko wa madini, mweupe au wa kahawia, uliojijenga miaka kwa miaka. Tazama ukingo: maji yanatiririka juu yake muda wote, hata kama hakuna mtu ndani. Ukiona ukingo mkavu, ukahisi mkondo ukivuta maji kupitia tundu la pembeni, na pua ikanasa klorini, hayo yanazungushwa. Kuzungusha si wizi. Bakteria wa lejionela hupenda maji ya uvuguvugu, na mwaka 2002 watu 7 walikufa baada ya kuoga katika kituo kimoja cha maji moto mjini Hyuga, mkoani Miyazaki. Dawa ina kazi yake. Ila kwa bei ya anasa, una haki ya kujua unalipia maji ya aina gani.

Sasa mandhari, na hapa dira ni muhimu kuliko nyota za hoteli. Kawaguchi: Fuji uko kusini mwa ziwa. Nyumba za ufukwe wa kaskazini huuona mlima ng'ambo ya maji. Za upande wa kusini, karibu na stesheni, zikitazama ziwa huupa mlima kisogo. Toya: mji wa onsen uko ufukwe wa kusini, kwa hiyo vyumba vya ziwani hutazama kaskazini kwenye kisiwa cha Nakajima, na vya nyuma hutazama Usu. Matsue, kando ya Ziwa Shinji, ni kwa ajili ya machweo. Ogoto, magharibi mwa Ziwa Biwa, ni kwa ajili ya jua likichomoza. Anayemfuata Fuji aende kati ya Desemba na Februari, aamke mapema. Kiangazi cha kule, Juni hadi Agosti, mlima hushinda mawinguni.

Uliza pia hodhi liko ghorofa ya ngapi. Lililo chini, karibu na njia ya waenda kwa miguu au mashua, huzungushiwa uzio. Ukisimama unaona ziwa. Ukikaa, maji yakakufika mabegani, unaona mbao tu. La juu kabisa ndilo linalokupa ziwa ukiwa umekaa.

Bei: huandikwa kwa mtu mmoja mara nyingi, si kwa chumba, na kwa kawaida hujumlisha chakula cha jioni na kifunguakinywa. Wawili kwenye yeni 60,000 watalipa 120,000. Kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu kwa siku, aghalabu hulipwa pale pale. Chakula cha jioni huanza kati ya saa 12 na saa 1 na nusu. Ukichelewa, unaweza kukikosa na bado ukakilipia. Asiyekula nguruwe wala kutumia pombe aseme siku anapoweka nafasi, kwa maana sake na mirin, divai tamu ya mchele, huingia kwenye michuzi mingi, na jikoni hawawezi kubadilisha menyu ya vyakula vingi mlangoni.

Katika hodhi la pamoja watu huoga uchi, wakishajisugua na kujisuuza nje kwanza, na mwenye tatuu (chale za wino) mwilini huweza kukataliwa. Anayejisitiri aombe kashikiri, hodhi la kukodi la faragha, kwa kawaida dakika 45 hadi 60, au achukue chumba chenye hodhi lake, na hapo tunarudi kwenye swali la maji.

Kuna mahali pamoja ambapo swali hilo hujijibu lenyewe. Marukoma, ryokan iliyo kwenye Ziwa Shikotsu huko Hokkaido, ina hodhi la nje ambalo maji moto hupenya kutoka sakafuni, na limeungana na ziwa. Ziwa likijaa, hodhi hujaa. Likipungua, nalo hupungua. Pale, kabla ya kuvua nguo, uliza tu leo kina kimefika wapi.