Sogeza kiti kabla hujanunua subwufa

"Spika hizi hazina besi, nahitaji subwufa kubwa zaidi." Wanaosema hivi, wakitaka spika kubwa ya besi pekee, hawaishi, na mara nyingi spika zao ni nzima kabisa. Tatizo ni mahali walipoweka kiti.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Chumba kikiwa na urefu wa mita 4, besi ya herzi 43 hivi (mitetemo 43 kwa sekunde) hugonga ukuta, hurudi na kukutana na nyingine inayokuja. Ukutani zinajumlishana na kuvuma. Katikati ya chumba, mita 2 kutoka kila upande, zinafutana. Kiti kikiwa hapo katikati, noti hiyo huisikii, ilhali aliyeegemea ukuta analalamika kwamba besi imezidi. Wimbo ni huohuo, spika ni zilezile.

Basi mtu anakimbilia ikwalaiza, vitufe vya kupandisha na kushusha besi. Kupandisha desibeli 10 ni kuidai amplifaya wati mara kumi. Inachemka, koni ya wufa (sehemu ya spika inayotoa besi) inaanza kugonga, na pale katikati bado pakavu, kwa sababu wimbi linalokwenda na linalorudi yamekua kwa kiasi kilekile. Subwufa kubwa itakuta shimo hilohilo la besi.

Cheza wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka noti kwa noti. Anza na kiti kwenye asilimia 38 hivi ya urefu wa chumba, yaani kama mita 1.5 kutoka ukuta mmoja katika chumba cha mita 4, kisha kisogeze sentimita 20 kila mara mpaka noti zote zilingane. Subwufa nayo iweke juu ya kiti chenyewe, iwashe, halafu tambaa kando ya kuta sikio likiwa karibu na sakafu. Pale besi inaposikika sawasawa ndipo pa kuiweka. Watu watakucheka, tambaa tu.

"Ukiivuta spika mbali na ukuta, besi inasafika." Si lazima. Wufa ikiwa mita 1 kutoka ukuta wa nyuma yake, mrejeo hufuta sauti karibu na herzi 86. Ikiwa sentimita 50, shimo linahamia herzi 171 hivi. Kibaya zaidi ni wufa kuwa umbali uleule kutoka sakafuni, ukuta wa nyuma na wa pembeni, maana mashimo yote matatu huangukia mahali pamoja. Chukua futi, hakikisha vipimo vitatu vinatofautiana.

Trei za mayai ukutani? Ni karatasi. Zinapunguza kidogo sauti za juu, besi haizihisi, jirani ataendelea kusikia kila kitu, na zinashika moto upesi. Tumia pamba ya mawe (rockwool, nyuzi za mawe zinazofyonza sauti) yenye unene wa sentimita 10, ukiacha nafasi kama hiyo nyuma yake. Mwenzako apitishe kioo kwenye ukuta wa pembeni nawe umekaa kitini: unapoiona twita (sehemu ndogo ya spika inayotoa sauti za juu) kiooni, hapo ndipo pa kubandika pamba hiyo.

Na spika yenye wufa chini na twita juu isimamishe. Ukiilaza ili itoshe rafu, kila ukisogeza kichwa kushoto au kulia sauti za kuimba zinabadilika. Twita iwe usawa wa sikio la aliyekaa, si juu ya kabati.