Je, wajua kwa nini mbunifu wa grafiki aliyesomea nje haulizwi leseni Mbeya, lakini bado hukwama?

Mhandisi hafanyi kazi Tanzania bila kusajiliwa na bodi ya wahandisi, na msanifu majengo naye ana bodi yake. Mbunifu wa grafiki hana bodi. Mzambia anayeingilia Tunduma au Mmalawi anayepitia Kasumulu huulizwa vyeti kwa sababu ya kibali tu.

Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mwajiri ndiye anayemwombea mgeni kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, akieleza pia jinsi ujuzi huo utakavyorithishwa kwa Watanzania. Kibali cha ukaazi hutoka Uhamiaji. Shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), stashahada na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Usipeleke cheti kikavu: ambatanisha matokeo ya kila somo na, kama vimeandikwa kwa lugha ngeni, tafsiri iliyothibitishwa. Mtanzania aliyerudi na shahada ya India hahitaji kibali, ila akiomba ajira serikalini TCU haikwepeki.

Kibali kikishapatikana, shahada inakaa kabatini. Mteja wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anataka kuona kazi, na hapo ndipo mgeni huumbuka.

Chukua kadi ya mchango wa harusi. Aliyezoea kadi za mwaliko za kwao ataichapa kwenye karatasi ya kung'aa pande zote, ipendeze. Lakini jina la mchangiaji huandikwa kwa kalamu kwenye nukta, na wino wa kalamu haushiki vizuri kwenye karatasi hiyo. Unafutika kwa kidole. Upande wa kuandikia uwe karatasi isiyong'aa. Acha pia milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia, la sivyo kisu kikiteleza kidogo tu kadi inabaki na ukingo mweupe.

Au kiroba cha mchele wa Kyela. Kile cha salfeti kilichochapwa moja kwa moja hakipokei picha laini kama karatasi. Kila rangi ina pleti yake, yaani bamba la kuchapia, kwa hiyo rangi ya nne ni gharama ya nne. Uso wenyewe umefumwa, una mabonde: mstari mwembamba unakatika, na matundu ya herufi ndogo kama "e" na "a" yanazibwa na wino. Tumia rangi 2 au 3 bapa na herufi nene. Machweo ya Ziwa Nyasa yanayofifia kutoka chungwa hadi zambarau yaache kwenye kompyuta.

Kinachosahaulika zaidi ni Kiswahili chenyewe. Programu ikiwa imewekewa Kiingereza hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, ukasoma "nyum-ba" na "mchan-go". Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu: nyu-mba, mcha-ngo. Tena maneno yetu ni marefu; "wanaokaribishwa" likiingia kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, mstari unaachia mapengo kama meno ya mtoto wa miaka 7. Zima ukataji wa maneno, panga maandishi kushoto, kisha mpe mzawa asome kabla faili halijaenda kwa mchapaji, maana kikagua tahajia cha Kiingereza kitapigia mstari mwekundu karibu kila neno na hutajua lipi ndilo kosa.