Themostati haipozi injini

Nimeisikia tena juzi, safari hii kutoka kwa mtu anayelijua gari lake vizuri: "Nimefunga themostati ya nyuzi 71, sasa hata nikilikimbiza mizunguko 15 uwanjani halitachemsha." Gari lenyewe ni la spoti, turbo mbili, na analipeleka kwenye uwanja wa mbio kila anapopata nafasi. Alikuwa na furaha, nikamwacha amalize. Lakini neno themostati limebebeshwa mzigo usio wake mara nyingi mno, na wanaoumia ni watu kama yeye, wanaozipenda injini zao na kuzigharamia.

Themostati ni vali inayokaa kwenye njia ya kulanti, yaani maji yenye dawa yanayobeba joto la injini, kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, vali hufunga na kulanti huzunguka ndani ya injini peke yake. Joto likifika kiwango kilichopangwa, hufunguka taratibu na kuiachia kulanti iende kwenye rejeta. Kazi yake inaishia hapo.

Ugumu unaanzia kwenye jina. Neno limetoka Kigiriki: *thermos* ni chenye joto, na *statos* ni kilichosimama, kilichotulia mahali pake. Andrew Ure, mkemia wa Scotland, alikata hataza ya chombo chake mwaka 1830: vipande viwili vya metali tofauti vilivyounganishwa, kimoja kikitanuka kuliko kingine, hivyo vikipata moto vinapinda na kusukuma vali. Mwisho huohuo wa neno ulikuwa tayari kwenye heliostati, kioo kinachozungushwa kwa mashine ya saa ili mwali wa jua usimame palepale wakati jua lenyewe linasogea. Kwa hiyo maana ya asili ni kusimamisha. Hakuna ubaridi popote ndani ya neno hili.

Sisi tukalitafsiri kuwa kidhibiti joto, na hapo ndipo sikio linapotudanganya. Leo ukisema kudhibiti, mtu anasikia kuzuia: kudhibiti magendo, kudhibiti mfumuko wa bei, kudhibiti moto. Kila mara ni kitu kibaya kinachopanda, nasi tunakishusha. Basi kidhibiti joto kinasikika kama kitu kinachokandamiza joto lisipande. Lakini mzizi wa Kiarabu uliotupa dhibiti ndio uliotupa pia madhubuti, na maana yake ni kushika barabara, kukaza, kuweka sawasawa. Nisingekuwa na ugomvi na tafsiri hiyo kama tungeisikia kwa maana yake ya zamani. Kwa kazi ya hiki kidude, neno lililo karibu zaidi na ile *statos* ni thabiti, ambalo mzizi wake ni mwingine kabisa ingawa yanafanana masikioni.

Anayetaka kuamini kwa macho achukue themostati ya zamani, aifunge uzi na kuining'iniza kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse chini. Mara nyingi kwenye ukingo wake kuna namba iliyogongwa, tuseme 82. Washa jiko. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachotokea. Kisahani kimekazwa na springi, kimeziba kabisa. Kuelekea 82 nta iliyo ndani ya kile kikopo cha shaba inaanza kuyeyuka, inatanuka, inasukuma kipini, na unaona mwanya mwembamba kama ukucha. Endelea kupasha: mwanya unaongezeka hadi milimita nane au kumi hivi, ukiwa nyuzi kumi au kumi na tano juu ya ile namba. Kisha unasimama. Ongeza moto, maji yachemke, yaruke nje ya sufuria. Kisahani hakisogei tena. Kimetoa chote kilichokuwa nacho.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Themostati inashika sakafu. Inasema kulanti isiwe baridi kuliko hapa. Dari inashikwa na wengine: ukubwa wa rejeta, hewa inayopita ndani yake, pampu ya maji, na mfuniko wa presha. Gari linalomaliza mzunguko likiwa nyuzi 112 lilishafungua themostati yake zamani, iwe ya 71 au ya 88, na kuanzia hapo zote mbili ni tundu tu.

Joto linasimama wapi, basi? Linasimama pale ambapo rejeta inatupa nje joto sawa na lile injini inaloingiza kwenye kulanti. Rejeta inatupa joto kwa kadiri ya tofauti kati ya kulanti na hewa. Hewa ikiwa nyuzi 30 na kulanti 90, tofauti ni 60; kulanti ikipanda hadi 110, tofauti ni 80, na rejeta ileile inatupa theluthi moja zaidi. Kwa hiyo kupanda kwa mshale hakumaanishi kila mara kwamba mfumo umeshindwa. Pengine unatafuta mizani yake. Magari ya Formula 1 huachiwa kulanti ya moto sana, chini ya presha kubwa, kwa sababu hiyohiyo: rejeta inaweza kuwa ndogo na gari likakata hewa vizuri zaidi. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilipewa nguvu ya farasi 1,001, na wahandisi wake walifunga rejeta 10, kwa maji, mafuta na hewa ya turbo. Dari ilinunuliwa kwa rejeta.

Nitamtendea haki rafiki yangu, maana hakukosea kabisa. Kuanza mzunguko kwenye nyuzi 71 badala ya 82 kunakupa akiba ya nyuzi 11. Ila tuipime. Mfumo wenye lita 12 za mchanganyiko wa maji na dawa, nusu kwa nusu, unahitaji takriban kilojuli 43 ili upande nyuzi moja. Ongeza kilo 100 za aluminiamu ya injini, tufike kama 133. Rejeta ikizidiwa kwa kilowati 20, akiba yote ya nyuzi 11 inaisha kwa sekunde 73 hivi. Kwenye viwanja vingi hujamaliza hata mzunguko mmoja. Mizunguko 14 iliyobaki unaikimbia kwa rejeta uliyonayo.

Na sakafu ya chini ina gharama yake. Mafuta ya injini huchelewa kupata joto, maji na petroli vilivyojipenyeza ndani yake havikauki vizuri, na injini inayoendeshwa ikiwa na ubaridi huchakaa zaidi kwenye ringi na silinda. Ndiyo maana magari mengi ya sasa yana themostati yenye hita ndogo ndani ya nta, inayoamriwa na kompyuta: ukitembea polepole inaiacha kulanti ipande hata karibu na 105, ukikanyaga inafunguka mapema na kushusha. Hata hiyo inachagua tu sakafu ikae wapi.

Wengine huiondoa themostati kabisa, wakiamini wamefungua njia. Kwenye injini nyingi kisahani cha pili cha themostati ndicho kinachoziba njia ya mchepuko injini ikishapata moto. Ukiitoa, mchepuko unabaki wazi, na sehemu ya kulanti inarudi ndani ya injini bila kuiona rejeta. Gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo. Halafu utasikia maelezo kwamba maji yalipita kwenye rejeta haraka mno, hayakupata muda wa kupoa. Hapana. Maji yakipita haraka zaidi rejeta hutupa joto zaidi, si pungufu. Yaliyoleta shida ni yale ambayo hayakupita kabisa.

Neno kuchemsha nalo lingestahili makala yake. Mchanganyiko nusu kwa nusu huchemka karibu na nyuzi 107 bila presha, na ukifungiwa kwa mfuniko wa bar moja hupita 125. Nyuzi 110 kwenye mfumo usio na hitilafu ni joto la kuangalia, kuchemka bado. Mfuniko uliolegea ndio unaogeuza 110 kuwa mvuke, na kuubadilisha ni rahisi kuliko themostati.

Kwa hiyo rafiki yangu, nikikaa naye tena, nitamwomba kwanza asiuamini mshale wa dashibodi. Kwenye magari mengi umetengenezwa utulie katikati tangu nyuzi 80 hivi hadi karibu 110, ili dereva asipate wasiwasi. Asome namba halisi kupitia tundu la kompyuta ya gari, mwisho wa mzunguko wa tano, mguu ukiwa bado umekanyaga. Kisha ailinganishe na ile namba iliyogongwa kwenye themostati. Zikiwa zimeachana kwa nyuzi 30, themostati haimo tena kwenye mazungumzo. Tuinue boneti tuangalie kama mapezi ya rejeta yamejaa mchanga na wadudu, na kama hewa inapita katikati yake au inakwepa pembeni. Themostati ya 71 aibakize kama anaipenda. Ila asiseme amelipoza gari. Aseme ameshusha sakafu.