Maneno ya Kiingereza Yanapatikana Kitabuni, Ila Anza na Chepesi

Kila Januari wanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Dar es Salaam huhama ghafla kutoka masomo ya Kiswahili kwenda ya Kiingereza. Wakija maktabani, wengi huomba kamusi na kitabu kinene, kisha hukaa wakinakili neno na maana, neno na maana. Ukurasa mmoja tu, wamechoka. Sisi wakutubi huwapokonya, kwa upole, hicho kinene.

Watafiti wa ujifunzaji lugha, akiwamo Paul Nation wa New Zealand, wanaeleza kwamba msomaji hufuata habari vizuri bila msaada anapoyajua maneno kama 98 katika kila 100. Ukurasa wenye maneno 250 usiwe na mageni zaidi ya matano. Kunja kidole kwa kila neno geni. Mkono ukijaa kabla hujafika nusu ya ukurasa, kirudishe rafuni. Vipo vitabu vya ngazi, vilivyoandikwa kwa maneno machache makusudi, na mtu mzima asione haya kuvichukua.

Kwa nini tusikariri orodha tu? Tazama neno letu “kata”. Mgeni aliyekariri kuwa ni kazi ya kisu atashangaa akifika stendi ya Mbezi na kuambiwa akakate tiketi. Jioni anasoma gazetini kuwa fulani amekata rufaa, mwingine amekata tamaa. Kisu kiko wapi? Kiingereza nacho kina vituko hivyo. Kijana anayejua “bank” ni benki husoma kwamba wavuvi wamekaa kwenye “bank”, akadhani wanasubiri mikopo. Akiendelea hukuta matope, nyavu na mtumbwi, akang'amua ni ukingo wa mto. Neno lililopatikana kwa jasho hilo halitoki upesi.

Hata hivyo, kulikuta mara moja hakutoshi. Ndiyo maana mpenda soka namshauri asome habari za soka wiki nzima: maneno yaleyale yatamrudia bila kuyatafuta. Kamusi aifungue kwa neno linalojirudia au linaloziba maana, na daftarini aandike sentensi nzima.

Matamshi ni habari nyingine. Macho hayatakwambia kwamba “k” ya “knife” haisomwi. Hapo washa redio, au muulize mwalimu.