Nani kawaambia tajiri wa kijijini China alikuwa hashtakiwi?

Nafundisha sheria za enzi ya Qing (ukoo wa mwisho wa wafalme wa China), na kila muhula lazima nisikie hii: eti kijijini tajiri alikuwa hagusiki, anamhonga hakimu, maskini analia, kesi kwisha. Jamani, tamthilia zinawaharibu. Kwenye kumbukumbu za wilaya ya Baxian, Sichuan, kuna majalada zaidi ya laki moja, na matajiri utawakuta humo wakiwa wameshtakiwa, tena na watu waliowauzia mashamba.

Shida ilikuwa mauzo ya kukomboa. Mkulima kakwama hela ya mazishi, anampa tajiri shamba kwa tael 20 (tael ni kipimo cha uzito wa madini ya fedha), tajiri analima anakula mavuno, riba hakuna, na mwenyewe akipata hela analirudisha kwa tael 20 zile zile (wanaojua bei khiyari ya Zanzibar hapa hawahitaji maelezo). Sasa karne ya 18 ardhi ikapanda bei, mjukuu wa yule mkulima anatokea na karatasi imeliwa na mende, anataka shamba kwa bei ya babu, na tajiri kashazika wazazi wake humo humo! Akikosa hela ya kukomboa anadai nyongeza ili mauzo yawe ya moja kwa moja. Mwaka 1730 sheria ikasema nyongeza ni mara moja tu, watu wakaendelea kurudi. Mwaka 1753 ndo ikawekwa kikomo cha miaka 30 cha kudai kwa mikataba ya zamani isiyoeleza vizuri kama shamba limeuzwa moja kwa moja au la.

Sisemi uwanja ulikuwa sawa. Mwenye cheo cha mitihani (aliyefaulu mitihani ya serikali) hachapwi viboko hadi avuliwe kwanza kile cheo, na mahakamani anaweza kutuma mtumishi amwakilishe. Ila hakimu alikuwa haruhusiwi kufanya kazi mkoa aliozaliwa, kwahiyo hayo mambo ya "hakimu ni binamu yake" yaacheni. Makarani na askari wa wilaya ndo walikuwa watu wa pale pale, mishahara kiduchu au hamna, ukitaka kujua hela ilipita wapi anzia kwao.

Eti mtoto wa kwanza anabeba urithi wote? Hapana, watoto wa kiume waligawana sawa, kila mmoja anaokota kura ya fungu lake mbele ya mashahidi. Ugomvi ulikuwa nani kaficha nini kabla ya kugawana.

Eti mjane hana chake? Asipoolewa tena anashika mali ya marehemu, na kama hana mtoto wa kiume anahusika kuchagua wa kumrithi mumewe. Ndo maana mashemeji walikuwa na haraka sana ya kumtafutia mume mpya.

Na kesi za mashamba hazikupokelewa muda wote, kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 7 kwa kalenda yao milango imefungwa, watu wako shambani.

Wanafunzi wangu, mkipewa mkataba msikimbilie bei. Angalieni kwanza kama una muhuri mwekundu wa kodi, halafu someni majina ya madalali, maana hao ndo hakimu alikuwa anawaita.