Ukili ni nini, na mbunifu achote nini humo

Ukili ni msuko mrefu na mwembamba wa majani ya mkindu au ya mkoma, ambao bado haujawa kitu. Wingi wake ni kili. Haujawa mkeka, haujawa kikapu, haujawa kawa ya kufunikia chakula. Ni utepe unaozungushwa kama kamba na kutundikwa ukutani hadi siku ya kushona. Hapo ndipo ususi wa pwani ya Waswahili unapoachana na ususi mwingine wa kanda hii. Kiondo cha Wakamba na Wakikuyu husukwa kizima tangu kitako hadi mdomo, nyuzi mbili zikipishana kwenye nyuzi za kusimama. Agaseke, kile kikapu cha Rwanda chenye kifuniko kilichochongoka, hushonwa kwa kuzungusha fungu jembamba la nyasi. Mkeka wa pwani hausukwi. Kinachosukwa ni ukili; mkeka hushonwa.

Mbunifu anayetafuta ilhamu katika sanaa ya nyumbani aghalabu hushika kwanza kile anachokiona: nakshi. Anaupiga mkeka picha, anaichapa nakshi yake kwenye foronya au kwenye kava la daftari, kazi imekwisha. Amechukua ganda akaacha kiini. Kinachofaa kuchotwa na mtu anayetaka ubunifu endelevu, yaani utengenezaji usiomaliza malighafi wala kuacha taka, ni kanuni iliyozaa nakshi hiyo: jani moja, kipimo kimoja, msuko mmoja, na vyombo vingi tofauti vinavyotoka humo bila kalibu, bila gundi na karibu bila mabaki.

Tuanze na jani. Ukindu ni jani la mkindu, mti unaopenda chepechepe na kingo za mito. Ni laini, hushika rangi vizuri, na ndio wa mikeka ya kulalia, misala na kawa. Miyaa ni majani ya mkoma, manene na magumu zaidi, nayo ndiyo ya majamvi, makapu na vipepeo vya kupepea moto. Linalokatwa ni jani changa lililosimama katikati ya kilele, ambalo bado limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Likishafunguka limechelewa: halikauki kuwa jeupe, na ugumu wake huumiza vidole. Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa, kabla msusi hajagusa chochote. Mkataji akipitisha panga chini mno hukata pamoja na kichipukizi cha ndani, na shina la mkindu lina ncha moja tu ya kukulia. Ikifa, shina limekufa. Akate jani moja kwa shina, na asirudi kwenye shina hilo mpaka jani linalofuata limefunguka lote.

Majani huanikwa juani siku tatu hadi tano, na jioni huingizwa ndani, maana umande huleta ukungu wenye madoa meusi yasiyotoka hata kwa kuchemsha. Yakipata weupe wa tui, uti wa kila jani dogo huondolewa na jani hilo kuchanwa vipande kwa ncha ya sindano. Vipande hivyo ndivyo chane. Chane za milimita 3 hutoa ukili mwororo, za milimita 8 hutoa ukili wa jamvi. Lakini usawa una uzito kuliko upana: zikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, ukili hupinda kama nyoka, na hakuna mshono utakaounyoosha.

Chane husukwa kwa mshazari, juu ya mbili, chini ya mbili. Kila chane hutoka ukingo mmoja, huvuka hadi wa pili, hukunjwa, hurudi. Kwa hiyo ukili hauna ncha zilizokatwa pembeni, wala haufumuki. Chane inapokaribia kwisha, nyingine hulazwa juu yake kwa upana wa vidole vinne hivi, zikasukwa pamoja. Ncha zote zielekezwe upande mmoja, ndio utakaokuwa chini. Jani lisukwe likiwa na unyevu kidogo: linyunyizie maji, ulifunge katika kitambaa kibichi kwa nusu saa. Likiwa kavu hupasuka kwenye mkunjo. Likilowa mno hunenepa, na ukili uliobana vizuri leo utakuwa na matundu ukishakauka. Hivyo ukili mpya haushonwi siku ile ile. Hutundikwa kivulini siku mbili, kisha husuguliwa kwa chupa au kipande cha mti laini mpaka ulale.

Sasa nakshi. Chane inakwenda kwa pembe ya nyuzi 45, kwa hiyo kila inapovuka upana wa ukili inakuwa imesonga mbele kwa kiasi hicho hicho. Chukua ukili wa sentimita 6 wenye chane moja nyekundu. Wekundu huo utaanza ukingo wa kushoto, utafika wa kulia baada ya sentimita 6, utarudi kushoto baada ya sentimita 12. Ule mstari wa kwenda na kurudi hakuna aliyeuchora. Zikiwa chane mbili nyekundu, moja ikianzia kushoto na nyingine kulia kwa wakati mmoja, zitapishana katikati na kuacha msururu wa vijimraba vilivyosimama kwa pembe. Na kwa kuwa msuko ni juu mbili chini mbili, rangi huonekana, hujificha, huonekana tena. Ndiyo sababu nakshi ya mkeka hutetemeka kidogo machoni ukiitazama kwa mbali. Nakshi hii basi hujirudia kila baada ya upana wa ukili mara mbili. Anayeichapa kitambaani bila kulijua hili huirudia kwa umbali wowote, na msusi akiitazama mara moja anaona kuna kitu hakijakaa.

Penye utajiri zaidi ni kwenye duara. Utepe ulionyooka unazungukaje kitako cha kikapu? Msuko wa mshazari una tabia ya kunyumbulika: ukivuta ukingo wa nje unarefuka, ukibana wa ndani unafupika. Msuko wenye nyuzi zilizosimama na kulala ungekataa. Hata hivyo unyumbufu huo una kikomo. Ukili wa sentimita 4 hauwezi kabisa kuzunguka nukta ya katikati, kwa hiyo kitako huanzishwa kwa ukili mwembamba wa sentimita 2, au kwa kipande kilichonyooka cha shibiri moja ambacho ukili hukizunguka, na kitako kikawa na umbo la yai.

Baada ya hapo ni hesabu. Ili kitako kilale bapa, kila mzunguko uwe mrefu kuliko uliotangulia kwa upana wa ukili mara 6.28. Kwa ukili wa sentimita 4 hiyo ni kama sentimita 25. Ukiupa kila mzunguko sentimita 25 zake, kitako kinalala. Ukiupa 15 tu, kinaanza kuinuka kwa mteremko: hiyo ni kawa. Usipouongezea chochote, ukuta unasimama wima: hicho ni kikapu. Ukizidisha, tuseme 30, ukingo unajikunja mawimbi kama pindo la gauni. Mshonaji mzoefu hahesabu. Mkono wake unajua ni wakati gani wa kulegeza ukili wa nje na wakati gani wa kuukaza. Lakini mbunifu anayetaka kuagiza kivuli cha taa chenye mteremko fulani anaweza kueleza anachotaka kwa namba moja tu, ongezeko la kila mzunguko, badala ya kupeleka mchoro wenye vipimo ishirini. Kawa, kikapu na kitako bapa ni kazi moja iliyopewa namba tatu. Mimi sijui somo bora la usanifu kuliko hilo.

Mantiki ya namna hii haiko kwenye ususi peke yake. Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, miji iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, ni virefu na vyembamba, kwa kawaida visivyofika mita 3 kwa upana. Urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana huo. Mjenzi hakupambana na boriti, alipanga chumba kwa boriti.

Kuhusu rangi nitasema machache. Unga wa rangi wa dukani huchemshwa na chane huzamishwa humo mpaka rangi iingie ndani. Chane zilizochovywa katika maji ya vuguvugu huchuja rangi mara ya kwanza mkeka unapolowa. Kwa rangi za miti, loweka kwanza chane katika maji ya shabu, yale madini meupe ya kushikisha rangi, gramu 100 hadi 150 kwa kilo moja ya chane kavu. Mzizi wa mdaa hutoa weusi. Magome ya mkoko hutoa kahawia yenye wekundu, na yachukuliwe kwenye boriti au kuni zilizokwisha kukatwa kihalali, kwa sababu kuuchuna mkoko uliosimama ni kuuua. Uzani wa magome uwe angalau sawa na wa chane, yachemke polepole saa moja kabla ya chane kuingia. Maji ya misumari yenye kutu hugeuza kahawia kuwa nyeusi, lakini yakizidi huila chane, ikawa inakatika kama karatasi ya zamani. Binzari ya manjano hutoa rangi ya kupendeza inayopauka upesi juani. Itumie ndani ya nyumba, au usiitumie.

Anayetaka kufanya kazi na wasusi aagize kwa ukili, asiagize kwa chombo. Kipimo cha kazi hii ni pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8. Mkeka wa pima moja kwa mita 1.2, ukitumia ukili wa sentimita 6, unahitaji kili 20 za pima moja kila moja, yaani pima 20. Ongeza mbili kwa ajili ya ncha na kunywea. Kulipa kwa pima kunamwonyesha kila mtu kazi iko wapi, kwa maana saa nyingi ziko kwenye kusuka na chache tu kwenye kushona. Kunaruhusu pia wanawake watano kusuka majumbani mwao na mmoja kushona. Hapo ndipo kazi huharibika mara kwa mara: kila mmoja ana mkono wake, na kili tano za "sentimita 6" zikikutana, moja ina 5.5 na nyingine 6.5, nakshi hazioani. Dawa yake ni kumpa kila msusi kijiti kilichokatwa kwa upana unaotakiwa, na idadi ya chane iliyo moja kwa wote. Kipande cha majaribio cha shibiri moja kitoke kwanza, kikauke, ndipo kipimwe. Na nakshi ya mtu au ya kijiji fulani iombwe kwa wenyewe, itajwe kwa jina wanaloliita.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Leo makapu mengi ya sokoni husukwa kwa mikanda ya plastiki ya kufungia katoni. Ufundi ni ule ule, na kwa kubebea samaki yana faida ya kuosheka. Lakini mkanda ukikaa juani miaka michache huwa mkavu na kumeguka vipande vidogo vinavyobaki udongoni, ilhali ukindu ukiisha kazi huoza au huwasha jiko. Ukili wa jani nao una adui zake: unyevu uliofungiwa, kwa hiyo usihifadhiwe ndani ya mfuko wa nailoni, na joto, kwa hiyo taa yenye kivuli cha ukili iwe ya LED, isiguse msuko.

Vitanda vya zamani vya pwani viliwambwa kwa shupatu, ukili mwembamba unaozungushwa kwenye fremu ya mbao. Ukilegea hukazwa, ukichoka huvuliwa wote na fremu kubaki. Mkeka ukichakaa hukarabatiwa kwa njia hiyo hiyo. Ukili uliochakaa hufumuliwa mshono wa pande zake mbili, ukachomolewa, mpya wa upana ule ule ukawekwa mahali pake na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na uzi wa miyaa, kazi ya asubuhi moja. Kwa hiyo anayebuni kiti, mkoba au taa kwa ukili aache mishono mahali ambapo shazia inaweza kufika. Akiizika chini ya gundi, au nyuma ya bitana iliyopigwa cherehani pande zote, ukili mmoja ukikatika chombo kizima kitakwenda jalalani.