Mkate wa Tangawizi: Asali ya Msituni na Viungo vya Mbali

Katika vipindi vyetu vya elimu ya historia ya chakula, swali linalojirudia ni hili: mkate wa tangawizi wa Ulaya una tangawizi kiasi gani? Jibu huwashangaza wengi. Mara nyingi ni kidogo tu, na pengine haimo kabisa. Wajerumani huuita Lebkuchen, na katika baadhi ya maeneo yao Pfefferkuchen, yaani keki ya pilipili. Jina la Kipolandi, piernik, nalo limetokana na neno la kale la kitu chenye pilipili. Zamani hizo "pilipili" ilibeba viungo vyote vilivyotoka mbali: mdalasini, iliki, kungumanga, karafuu na tangawizi yenyewe. Karafuu za wakati huo zilitoka visiwa vya Maluku. Za Unguja na Pemba ziliingia sokoni baadaye, katika karne ya 19.

Hata hivyo, kwangu mimi uhai wa mkate huu ni asali. Sukari ilikuwa ghali, ilhali mji wa Nuremberg, Ujerumani, ulizungukwa na msitu uliojaa nyuki. Warina asali wa msitu huo, walioitwa Zeidler, walipewa haki maalumu na mfalme Karl IV mwaka 1350, na walikuwa na mahakama yao wenyewe katika mji jirani wa Feucht. Kwa kuwa mji huo ulikuwa pia kwenye njia ya biashara iliyotoka Venice, asali ya msituni na viungo vya ng'ambo vilikutana kwa mwokaji mmoja.

Namna mkate unavyoumuka ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Donge la asali ni zito na hamira hulipata kwa shida. Waokaji wa kale walikanda unga na asali iliyopashwa moto, kisha wakaliacha donge mahali pa baridi kwa wiki kadhaa, hata miezi. Katika muda huo huchachuka polepole na kuwa na ukali kidogo. Karibu na siku ya kuoka walitia chumvi iliyopatikana kwa kuchuja majivu ya kuni. Ukali wa donge ukikutana na chumvi hiyo, hewa hutoka na mkate hupanda. Aliyewahi kutia magadi kwenye kitu kichachu akaona povu likifurika anaijua kazi hiyo.

Huko Toruń, Poland, ambako waokaji wa piernik wanatajwa tangu karne ya 14, husimuliwa kwamba donge lilikandwa binti alipozaliwa, likaokwa siku ya harusi yake. Donge lilikandamizwa kwenye kalibu za mbao zilizochongwa kinyume: wafalme, magari ya farasi, mioyo, watakatifu. Kalibu hizo zinastahili kutazamwa kwa makini, maana mchongaji aliwaza kila mkunjo wa nguo ukiwa umegeuzwa.

Mwaka 1643 waokaji wa Lebkuchen wa Nuremberg walipata chama chao cha ufundi, mbali na waokaji wa mikate ya kawaida. Ukali wao wa viwango umebaki: aina bora, Elisenlebkuchen, lazima iwe na lozi, jozi au kokwa za namna hiyo zisizopungua asilimia 25, na unga usiozidi asilimia 10. Ndiyo maana hutandazwa juu ya kaki nyembamba ya kuliwa, la sivyo ingeng'ang'ania sinia. Kaskazini mwa Kroatia wanatengeneza mioyo myekundu yenye kioo kidogo katikati, ya kumpa umpendaye. Ufundi huo uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010.

Ukiletewa zawadi ya Lebkuchen ukaikuta ngumu, usiitupe. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kipande cha tofaa, siku moja au mbili. Asali hunyonya unyevu wa tunda, na mkate hulainika tena.